Munkoyo wa Siku Tatu

Kanisani kwetu, huko Kolwezi, dhambi ilikuwa na benchi lake. Lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mlango, pale vumbi jekundu lilipoingia bila kubisha hodi. Aliyekatwa Meza ya Bwana, yaani aliyezuiwa ushirika, alikaa hapo mpaka wazee wa kanisa waseme basi. Kama ni mwanamke, alivuliwa pia kitambaa cheupe cha kichwa walichovaa akina mama wa kanisa, ili hata mgeni akiingia ajue mara moja nani ni nani. Mama yangu alikaa kwenye benchi hilo miezi mitano kwa kosa la mtu mwingine. Mimi, ambaye ningeweza kumtoa kwa sentensi moja, nilikaa mbele na wanakwaya nikiimba sauti ya pili.

Naandika haya nikiwa na hasira. Najua mtu wa umri wangu anatazamiwa akumbuke mambo kwa upole, atabasamu kidogo, aseme tulikuwa wajinga sote. Mimi sisemi hivyo. Hatukuwa wajinga, tulijua vizuri tulichokuwa tunafanya.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamefutwa kwa amri, lakini lile benchi halikufutwa na mtu. Tulikaa mtaa wa Dilala, katika nyumba ya kampuni ya mgodi. Baba alifanya kazi ya zamu na hakukanyaga kanisani isipokuwa kwa matanga. Alikunywa bia yake kizingitini, mchana kweupe, kila mtu akimwona, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumhukumu. Mama ndiye aliyekuwa mtu wa kanisa. Ndiye aliyepika kila walipokuja wageni, na munkoyo wake ulisifiwa mpaka kwa Wakatoliki.

Munkoyo ni kinywaji chetu cha unga wa mahindi. Unapika uji, unauacha upoe, unatia mizizi iliyopondwa, unachuja. Kesho yake ni mtamu, hata mtoto mchanga anapewa. Ukiuacha siku ya pili unaanza kuuma ulimi. Siku ya tatu, kwenye joto la mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, hiyo ni pombe, na hakuna mtu wa Katanga asiyejua. Kanisa letu lilikataza pombe kabisa. Munkoyo mtamu uliruhusiwa.

Basi mwezi wa kumi wa mwaka ule akina mama walikuwa na mkutano wao mkubwa, siku ya Jumamosi. Wageni walikuja hata kutoka Fungurume. Ijumaa mama akapika mtungi mzima. Asubuhi ya Jumamosi ikaja amri ya chama tawala kwamba wote twende uwanjani kujifunza nyimbo na dansi za kumsifu kiongozi, na mkutano ukasogezwa hadi Jumapili baada ya ibada. Tulicheza juani siku nzima. Mtungi nao ukakaa pembeni ya jiko, ukiendelea na kazi yake.

Jumapili, watu walipokaa uani mwa kanisa, mama alifunua mtungi, akanusa, akaufunika tena. Mzee wa kanisa wa sehemu yetu alikuwa amesimama karibu. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa nidhamu, mtu mrefu, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa bila kuomba radhi.

“Mama, leta bakunywe,” akasema. “Jua iko kali na batu beko na kiu.”

“Tata, hapana,” mama akajibu, akimwita baba kwa heshima. “Hii ilikwisha kuwa kali. Iko ya siku tatu. Acha niimwage.”

“Munkoyo ni munkoyo, mama. Leta tu.”

Nilikuwa kati yao, kikombe mkononi, umbali wa hatua moja kwa kila upande. Nikamimina. Alionja, akatazama ndani ya kikombe, kisha akamaliza. Akaninyooshea tena. “Ongeza, mwana.” Alikunywa vitatu. Wageni walipomwona yeye anakunywa, wakanywa.

Pengine yasingetokea makubwa kama si mwimbaji wetu wa besi. Alipanda baiskeli yake kwenda nyumbani, akapita mbele ya kanisa la Wakatoliki wakati wanatoka misa, na pale pale, mbele ya mapadri na masista na watoto wa komunyo ya kwanza, akaenda kulala mtaroni na baiskeli yake juu yake, akiimba. Wakatoliki walicheka wiki nzima. Wangetucheka kwa wizi tungevumilia, lakini kutucheka kwa ulevi, sisi tuliowahubiria juu ya divai yao! Lazima mtu akatwe Meza, na haraka.

Waliniita mbele ya baraza Jumatano. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepata darasa langu la kwanza la kufundisha muhula uleule. Shule ilikuwa imechukuliwa na serikali, lakini direkta, mwalimu mkuu wetu, alisali kwetu, na aliyenisemea kwake ni huyo mzee mwenye miwani. Sasa ndiye aliyeniuliza, mikono ameikunja juu ya Biblia.

“Mwalimu, ni weye ulikuwa unatia munkoyo mu bikombe. Uliona muzee moja wa kanisa anakunywa, na anajua kama iko kali?”

Hakulikwepa hata jambo lenyewe. Aliniwekea swali mezani kama mtu anayekupa kiti, akaningoja.

“Hapana, tata,” nikasema. “Sikuona.”

Mama akakatwa Meza kwa mwaka mzima kwa kuleta pombe katika uwanja wa kanisa. Walipomsomea uamuzi alisema kwamba aliwaonya, na wakamjibu, “Hata mwana yako hakuona.” Aliitikia kwa kichwa. Akafungua kitambaa chake cheupe mwenyewe kabla hawajamwambia, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya meza yao. Nyumbani alisonga bukari, ugali wetu, akapakua sombe ya majani ya muhogo, tukala. Hakuniuliza kitu. Hakuniuliza siku ile wala kesho yake wala wiki iliyofuata. Nikajiambia ameelewa, amenisamehe, maana mama yangu ni mpole. Nililala vizuri, na hilo naliona aibu kuliko yote.

Kilichonijia baadaye ni hasira, na niliipokea kwa mikono miwili. Nilimchukia yule mzee mpaka mate yakawa machungu. Nilichukia miwani yake, nilichukia namna alivyopanguza midomo kwa kitambaa kabla ya kuomba. Akisoma Amri Kumi nilizihesabu nikitafuta ngapi amevunja. Nilikwenda kwa mchungaji, mtu mwema asiyependa kuambiwa mambo, nikamwambia, “Tata mchungaji, niko na zambi ya hasira, inanishinda.” Hakuuliza hasira ya nini. Akaniagiza nifunge kila Jumatano na nisome Zaburi.

Nikafunga. Jumatano nne mfululizo nilisimama mbele ya watoto hamsini na tumbo tupu, nikaandika ubaoni nikiona nyota. Hasira haikupungua hata chembe, ila niliwachapa watoto zaidi. Nilijiona mtu wa vita vya kiroho. Nilisimama katika kikundi cha maombi nikaungama hasira yangu kwa machozi, na akina mama wakanishika mabega wakisema Mungu atanishindia. Ilinipendeza, lazima niseme. Hasira ni dhambi nzuri kuungama, ina heshima yake, inamwonyesha mtu kuwa anachukia uovu. Hakuna aliyeniuliza kama nina nyingine chini yake, na mimi sikumtajia mtu.

Meza ya Bwana kwetu ilikuja kila baada ya miezi mitatu, na Jumamosi ya kuitangulia ilikuwa Siku ya Kupatana. Kila mshiriki alizunguka nyumba kwa nyumba na kadi yake mkononi, akipatana na aliyegombana naye, mwisho akapita kwa mzee wa sehemu yake. Mzee angeuliza, “Tuko mu amani?” Ukijibu ndiyo anatia sahihi, na bila sahihi hupewi mkate. Kabla ya Noeli nilikwenda. Aliniuliza, nikamjibu, “Tuko, tata,” akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani. Kesho yake nilimeza mkate. Nyuma, karibu na mlango, mama aliimba pamoja na wengine, kichwani amefunga kitambaa cha maua cha sokoni.

Kabla ya Pasaka nilikwenda tena. Nilimkuta mzee kibarazani, meza ndogo mbele yake, watu watatu wakisubiri. Wa kwanza katika mstari alikuwa mama.

Hakuwa na kadi, na hakuna aliyemtazamia kuja, kwa kuwa aliyekatwa Meza hana sahihi ya kutafuta. Alikuwa amezunguka nyumba zote kama miaka yote. Akapiga magoti kwenye saruji, yeye aliyekuwa anaumwa goti la kushoto, akapiga makofi taratibu kama wanawake wetu wanavyosalimia wakubwa.

“Tata, kama nilikukosea, naomba musamaha.”

Yule mtu akavua miwani. Akavuta pumzi, akamwekea mkono kichwani.

“Nilikusamehe, mama. Nilikusamehe zamani.”

Damu ilinipanda kichwani. Sijui niliwapitaje wale wengine. Nilipiga kelele mpaka watu wa nyumba ya pili wakatoka: “Unamusamehe nini? Unamusamehe nini, weye?” Nilimwita mnafiki, nilimwita nyoka, nikamwambia vikombe vitatu, vitatu, na mkono wangu huu ndio uliomimina. Mama bado alikuwa magotini. Hakugeuka.

Mzee alivaa miwani tena, polepole, sikio moja kisha jingine. Hakukasirika. Alinitazama kama anayenihurumia.

“Mwalimu,” akasema, “mbele ya baraza ulisema haukuona.”

Kisha akachukua kadi yangu mkononi mwangu, akaitia sahihi, akanirudishia. “Kesho ukuje ku Meza.”

Nilisimama na kile kikaratasi. Wote walinitazama. Miezi mitano nilidhani uongo ni wake. Alikuwa ameuegemeza juu ya wangu, na siku zote aliniangalia kwa utulivu kwa sababu alijua mlinzi wake ni mimi. Nilikuwa nimefunga na kulia na kuwachapa watoto wa watu nikipigana na hasira, na hasira haikuwa adui yangu. Ilikuwa ndiyo kitu pekee ndani yangu kilichokuwa kikisema kweli, nami niliifungisha Jumatano nne.

Jumapili mchungaji aliposhika mkate, nikasimama katika kwaya. Sauti ilitoka nyembamba. Nilisema: “Nilidanganya baraza. Mama aliwaambia munkoyo ni mkali. Mzee alisikia, alionja, akajua, akakunywa vitatu, mimi ndiye niliyemmiminia. Niliogopa kupoteza darasa langu. Nikasema sikuona, na niliona.” Nikakaa. Hapakuwa na radi. Mtoto alilia, mtu akamtoa nje.

Meza ikasimama. Wazee wakaingia chumba cha pembeni huku sisi tukiimba wimbo uleule mara nne. Walipotoka mchungaji akatangaza: mama anarudishwa. Mimi nakwenda nyuma, kwa uongo mbele ya baraza, mpaka zipite Meza mbili. Yule mzee alikunywa bila kutambua vizuri, mchungaji alisema, kwa hiyo atapumzika mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Alirudi na miwani yake, akaendelea kuwa mzee mpaka alipostaafu, na darasa langu likapewa mtu mwingine muhula uliofuata. Hilo nimelisamehe siku nyingi, halafu nikiamka nalikuta palepale.

Nilitembea kwenda nyuma. Mama alikuwa anakuja mbele. Tulipishana katikati ya kanisa, kwenye njia ile nyembamba, na hakunitazama. Akina mama wakamfunga kile kitambaa cheupe kichwani, akala mkate, akanywa kikombe. Nafasi yake katika safu ya akina mama ilikuwa wazi, walikuwa wamesogea. Aliipita. Alikuja moja kwa moja mpaka benchi la nyuma, akanisukuma kwa nyonga nimpishe, akakaa.

Nilingoja anishike mkono. Nilikuwa nalia tayari.

“Myezi tano,” akasema, macho yake mbele. “Kila yenga, siku ya ibada, nilikuwa nakaa hapa, naangalia mugongo yako, nangoja usimame. Ule muzee sikumungojea hata siku moja. Ye ni mutu wa inje. Nilikungojea we.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba upole ule niliokuwa nausifu haukuwa upole. Mama alikuwa amekasirika, tangu ile bukari ya siku ile, na hasira yake yote ilikuwa yangu. Alifungua kitabu cha nyimbo akakishika mwenyewe, hakunisogezea.

Lakini hakuhama lile benchi. Meza mbili zikapita, miezi sita, na kila Jumapili alipita mbele ya safu za akina mama na kitambaa chake cheupe, akaja akakaa pale mlangoni penye vumbi, amekasirika, bega lake limegusa langu.