Samaki wa Harusi na Betri Nilizotaka Kuuza

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo kila nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Nainuka, nazunguka chumba, nacheka peke yangu.

Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Nimejitazama kwenye kioo kabla ya kuandika, maana sipendi kuandika jambo ambalo sijalihakikisha. Lakini kila wiki kuna kijana anayepiga hodi kwangu hapa Bondeni, Kyela. Wengine wanatoka Ngana kwa baiskeli, wengine Itungi, na swali lao ni lile lile: sola ya nyumbani inalipa? Na ni kweli mtu anaweza kuwauzia umeme watu wa gridi, wenye laini ya taifa? Nimeulizwa sana hata nimeamua kukikalia kiti cha wazee kwa muda, nijibu kwa maandishi. Na siwezi kujibu bila kuanza na siku niliyokaripiwa na mama mdogo.

Umeme sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa video kwenye simu, nikirudia kipande kimoja mpaka bando linaisha. Nyingi zilikuwa za watu wa nchi za baridi, nao walisisitiza kwamba paneli zitazame kusini. Nami nikazitazamisha kusini, yaani ziwani, kwa mwinamo ule ule mkali waliouonyesha. Mwezi wa kumi na mbili zilifanya kazi vizuri. Mwezi wa sita, anga likiwa jeupe kabisa, zikalegea kama zinaumwa. Nilikonda nikidhani nimeuziwa paneli mbovu, mpaka adhuhuri moja nikaona kivuli changu mwenyewe kimelala upande wa ziwa. Kumbe kwetu miezi hiyo jua linapita kaskazini. Siku ile ile nilipanda juu ya bati nikazigeuza, nikazilaza karibu na usawa wa paa, na zikaamka. Nilishuka mikono ikiwa myeusi kwa vumbi, nikamkumbatia jirani ambaye hakujua nimepatwa na nini.

Baada ya hapo umeme ukawa mwingi kuliko kazi. Kabla ya saa tano betri zimejaa, na jua la Kyela ndiyo kwanza linapamba moto. Ndani nilikuwa na taa, redio, feni na simu za majirani wanaokuja kuchaji. Mchana wote uliobaki paneli zilikaa juu bila kazi, na mimi ni mtu ambaye bomba la jirani likivuja siwezi kumaliza chakula. Ndipo nikaanza kusoma habari za kupeleka umeme kwenye gridi. Nikaenda ofisini kwa watu wa umeme. Afisa aliyenipokea alikuwa mwungwana, akanieleza kwamba utaratibu upo, kwamba inahitajika mita ya kuhesabu pande zote mbili, ukaguzi na fundi mwenye leseni, na kwamba kwa alivyoelewa yeye, umeme unaoupeleka unakatwa kwenye hesabu ya matumizi yako. Si fedha unayopewa mkononi. Akaniambia nilete maombi, nisubiri.

Kusubiri ndiko sikukuweza. Kichwani niliiona mita inarudi nyuma, basi nikashindwa kufikiri kitu kingine. Nilitaka niwe tayari kabla hawajaja, kila waya mahali pake, wakaguzi wasione kosa hata moja. Kulikuwa na inveta ya gridi niliyoitamani, kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe wa kawaida, ile isiyotumia betri: jua linaingia, umeme unaenda moja kwa moja kwenye laini. Ili niipate, nikakubaliana na binamu yangu Lusekelo, anayeishi Karonga na kufanya biashara Kasumulu mpakani, aje anunue betri zangu. Nilijua kwamba inveta ya namna ile huzimika gridi inapozimika, ili umeme wa nyumbani usimpige fundi aliye juu ya nguzo. Nililijua, nikaliona dogo.

Ijumaa hiyo Lusekelo alifika asubuhi na spana yake. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Walikuwa wametangaza matengenezo ya laini hadi jioni. Binamu alikuwa amelegeza waya wa betri ya kwanza pale mama mdogo aliposukuma mlango kwa goti, beseni kichwani.

Mama mdogo anauza samaki soko la Kyela. Huwa anauza rejareja, samaki wawili kwa huyu, watatu kwa yule. Lakini safari hii kamati ya harusi ya Ngana ilikuwa imempa kazi ya samaki wote wa sherehe, mara ya kwanza katika maisha yake kuaminiwa hivyo. Alikuwa ametoka Itungi na mbasa wakubwa, matumbo yao bado yanang'aa.

"Ugonile, mama mdogo," nikamsalimia, nikimsaidia kutua.

"Salamu baadaye. Sokoni giza. Muuza barafu amefunga. Friza langu leo ni kabati tu."

"Wametangaza matengenezo mpaka jioni."

"Sikuja kuuliza tangazo, binti. Nimekuja na samaki, na harusi ni kesho."

Pale ndani tulikuwa na friza kubwa la marehemu mama. Lilikuwa zima, ila lilikula umeme wa kununua mpaka tukaligeuza ghala la mchele, kwa sababu panya hawalitoboi. Mama mdogo alikwisha kulifungua na kuanza kutoa magunia kabla sijasema kitu.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Friza linapoanza huvuta nguvu nyingi kwa mkupuo. Sijapiga hesabu. Inveta niliyo nayo inaweza kukataa, inaweza hata kuungua. Na betri hizi nimekwisha kumpa Lusekelo."

"Msinitazame mimi," Lusekelo akasema, spana mkononi. "Nimekuja kununua betri, sikuja kuzika samaki."

Mama mdogo akasimama na gunia la mchele kifuani. "Kwa nini unaziuza?"

"Nataka kuanza kuuza umeme."

"Kumuuzia nani?"

"Gridi."

"Na gridi leo iko wapi?"

Nje, jua lilikuwa limeshapiga bati mpaka linalia.

"Wewe mtoto una akili, ila inakutangulia mno," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Unamtafuta mteja huko mbali, na mimi nimesimama mlangoni kwako na beseni. Hawa wakiharibika, watu wa Ngana hawatasema umeme ulikatika. Watasema Tupokigwe alituletea samaki wabovu, na hakuna atakayenipa kazi nyingine."

Mwanangu, maneno yale yalinichoma, lakini kilichonitetemesha kilikuja sekunde moja baadaye. Niliona picha nzima. Kama ningekuwa tayari nimefunga ile inveta ya ndoto zangu, siku ile, chini ya jua lile, paneli zangu zote zingekuwa zimezimika pamoja na gridi. Ningesimama chini ya paa lililojaa umeme nikiwa sina wa kuwasha hata taa, na mama mdogo angelia mbele yangu.

"Lusekelo, zifunge," nikasema.

"Nizifungue au nizifunge? Amua, mikono yangu inachoka."

"Zifunge. Nisamehe."

"Nakusamehe samaki wakipona. Kesho nakula kichwa cha mbasa, na nachagua mwenyewe."

Tukachomoa kila kitu kingine ndani ya nyumba. Nikaunganisha friza kwenye inveta, nikaweka kidole kwenye swichi, na nakiri sikubonyeza. Sikuwa nimehakikisha. Kila kitu ninachokifanya nataka nikihakikishe kwanza, na mara nyingi muda wa jambo hupita nikiwa bado nahakikisha. Mama mdogo akaweka kidole chake juu ya changu, akabonyeza.

Inveta ikalia mara moja, kali. Kisha friza likatikisika, likaguna, likaanza kunguruma. Tulitega masikio kama watu wanaosikiliza habari za mbali. Likaendelea. Mama mdogo akaweka kiganja juu ya mfuniko, akafumba macho, akasema, "Ndaga fijo," na sikujua anamshukuru nani kati yetu na Kyala, Mungu aliye juu.

Mchana ule ulikuwa mtamu kuliko sherehe yenyewe. Nilikuwa naingia na kutoka: nasoma kipimo, natazama anga, nagusa waya kama umepata moto. Kumbe umeme niliouona hauna kazi ulikuwa unatosha na kubaki. Alasiri wingu zito likashuka kutoka milima ya Livingstone, likafunika kila kitu, na paneli zikashuka nguvu karibu na sifuri. Lakini friza halikusita. Betri zilikuwa zimelipokea.

"Kwa hiyo sasa samaki wanakula betri zangu," akasema Lusekelo, akimenya ndizi.

"Za nani?" mama mdogo akauliza.

"Zilizokuwa zangu, mama."

Mimi bado nilikuwa mlangoni nikikodolea wingu macho. "Kaa chini, binti," mama mdogo akaniambia. "Wingu halikuogopi."

Wingu likapita. Jioni gridi ikarudi kama walivyotangaza, na samaki walikuwa tayari wameshika barafu. Kesho yake Ngana mbasa waliliwa na wali na ndizi, wakaisha, na mwenyekiti wa kamati alimfuata mama mdogo jikoni kumwuliza kama anaweza kufanya na harusi ya mpwa wake. Lusekelo alipata kichwa chake. Baadaye nilikwenda Karonga nikamfungia mfumo wake mwenyewe, na bado ananitania kwamba nilimnyang'anya mali mkononi. Friza la mchele sasa linagandisha maji kuanzia asubuhi, na alasiri wanawake wa samaki wanapanga foleni uani kwangu. Jua lililokuwa linapita bure linaondoka nyumbani likiwa vipande vya barafu ndani ya ndoo zao.

Sasa nikujibu, mwanangu. Sola inalipa, na nasema hivyo kwa moyo wote, lakini inalipa pale mchana wako una kazi ya kuipa. Kabla ya kununua paneli, zunguka nyumbani na kwa jirani ujiulize nani anahitaji umeme jua likiwa juu: mwenye friza, mwenye cherehani, kinyozi, mpiga pampu ya bustani. Huyo ndiye soko lako la kwanza. Kuhusu gridi, nenda ofisini uulize mwenyewe wanalipa nini na kwa njia gani leo, kwa sababu taratibu hubadilika. Usinunue paneli nyingi kwa kutegemea malipo ambayo hujayaona. Ukipata mita yao, shukuru, maana ni jambo jema. Maombi yangu bado yapo na bado nayafuatilia kwa hamu. Ila chagua inveta inayoweza kujitenga na gridi na kuendelea kuihudumia nyumba, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Kamwe usirudishe umeme kwenye laini kwa ujanja wako. Kuna mtoto wa mtu juu ya nguzo ile. Betri nazo huchoka, kwa hiyo weka akiba ya kuzibadilisha tangu mwezi wa kwanza.

Na kama wewe ni kama mimi, mtu asiyelala mpaka kila waya unyooke, nakuomba upime vizuri panapohusu usalama, kisha ubonyeze swichi. Usikawie ukitafuta ukamilifu wakati mtu wako amesimama mlangoni na mzigo kichwani.

Kyala akupe paa lisilovuja na mchana wenye kazi, akupe majirani wanaobisha hodi bila woga, na kila anayeingia kwako na shida atoke akiwa na jambo la kushangilia.