Siku baba alipochoma daftari langu la nyuki

Wakuu, mko salama humu ndani? Nimesoma nyuzi za wazazi wenye watoto wasioongea, nikaona niseme na yangu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Nimekulia Kakese, nje kidogo ya Mpanda, miaka ya tisini. Baba alikuwa mrina asali.

Mimi nilikuwa binti asiyeamkia watu. Mgeni akinipa mkono, namwacha nao hewani. Wengine wakasema nimerogwa, wengine nina dharau. (Dharau sina, ila mkono wako bado siutaki, tusameheane.)

Kuongea kulinishinda, kuandika nikaweza. Nilikuwa na daftari moja, halinitoki. Kila siku naingia porini, naandika mti upi umetoa maua na nyuki wamefika wakati gani.

Miti ya mitundu ikichanua, pori zima linavuma nyuki taratibu. Nalala chini nasikiliza mpaka nasahau kama nina mwili. Nilikuwa na furaha sana wakuu, msinionee huruma.

Nilipofika darasa la tatu, baba akaamua niache shule.

"Shule ya nini kwa mtoto bubu?" alimwambia mama. Nilisikia.

Wiki hiyo hiyo akanichukua kwenda kurina. Magome ya kufukizia nyuki yalikuwa yamelowa, moto haushiki. Baba hajui kusoma. Akapapasa kwenye kikapu nilichobeba, akakuta karatasi, akachana, akawasha.

Lilikuwa daftari langu.

Sikulia. Nilisimama kwenye ule moshi, nikaanza kulisema lile daftari kwa mdomo, kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtundu wa bondeni, nyuki wamefika umande haujakauka. Mtundu wa njia panda, bado. Muyombo wa kisimani, maua machache.

Baba akashusha mwenge. Mimi naendelea tu, mpaka ukurasa wa mwisho, sauti imekauka.

Akakaa kwenye gogo.

"Na ile miyombo ya Misunkumilo," akaniuliza, "itachanua lini?"

Wakuu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu halafu akasubiri jibu. Yeye alisubiri. Moshi ukaisha wote, nyuki wakaturudia, bado anasubiri.

"Wiki mbili," nikasema.

"Basi mizinga tutaitundika huko, mama." Alikuwa hajawahi kuniita mama.

Jumatatu akanipeleka shule mwenyewe, na daftari jipya mkononi. Wiki mbili baadaye miyombo ikachanua.

Neno usonji, jina la hali niliyozaliwa nayo, nililisikia nikiwa chuo. Leo nafanya research ya nyuki, na vitabu naandika. Cha kwanza nilimpelekea baba. Alikigeuza geuza, akakinusa, akamwambia mama, "Hiki kiweke juu, mbali na moto."

Nilichojifunza ni kwamba mtoto wako huenda ana majibu tele, ila hakuna aliyemngoja.

Wenye watoto kama mimi karibuni, ulizeni chochote. Huwa nachelewa kujibu, ila najibu. Nisubirini.