Sauti Iliyomwahidi Mpiga Picha

Tangu mpiga picha azikwe, Redio alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Nyumbani, kazini, dukani, popote. Akitaka chumvi mezani anainyooshea kidole. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti ambaye masikio yake yalishaharibiwa na kelele za karakana, alikuwa anamuuliza, "Nini? Sema, mama, sisikii," naye anatikisa kichwa na kuinamia sahani yake. Hebu fikiria: mtu aliyepewa jina la Redio tangu darasa la kwanza kwa sababu ya sauti, leo anaiogopa sauti hiyohiyo kama nyoka aliyeonekana akiingia chini ya kitanda na hajaonekana akitoka.

Na sauti anayo, tusidanganyane. Anakaa dirisha la mapokezi la hospitali, kazi yake kuandikisha wagonjwa na kuwaita kwa namba. Hapigi kelele, wala hana haja. Sauti yake nzito kidogo, imetulia, na mgonjwa akiitwa na Redio huinuka anaona homa imeshaanza kushuka. Ndivyo wanavyosema watu, na watu wa foleni hawana sababu ya kumsifia mtu bure.

Hiyo sauti ndiyo iliyomponza. Wakati fulani vijana wa kampuni moja walikuja hospitali kwa mambo yao ya kompyuta, wakamsikia, wakamwomba akawasomee sentensi. Wakamtia katika chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, glasi ya maji ya uvuguvugu pembeni, akasoma jioni baada ya jioni mpaka koo likawasha. "Geuka kushoto." "Pole sana, naelewa." "Karibu tena." Wakamwambia acheke, akacheka. Wakamwambia aheme kama mtu aliyechoka, akahema, na hapo wala hakuhitaji kufundishwa. Aliuliza sauti ni ya nini, wakajibu ni ya mashine ya kuelekeza watu njia. Wakamlipa vizuri, friji ikaingia nyumbani, mumewe akawa anamtania kwamba kaoa mwanamke anayeuza pumzi. Hakuna aliyemweleza kwamba kompyuta ikishaijua sauti yako inaweza kusema hata maneno ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuyatamka maishani mwako.

Kumbe sauti ilikwenda kwingine kabisa. Ikatoka programu ya simu ya kupiga soga. Unaiuliza inakujibu, unailalamikia inakupa pole, ukitania inacheka. Mtaani wakaiita Dada. Mwenye duka la jirani, kila alipomwona Redio, aliangua kicheko: "Wewe! Jana nimekutukana kwenye simu na bado umenipa pole!" Redio naye anacheka, na moyoni anaona fahari kidogo. Nani asiyeona?

Kisha mpiga picha akajiua.

Alikuwa mtu mpole, wa makamo, mwenye studio ya picha za vitambulisho: pazia la bluu, kiti kimoja, kioo cha kujitengeneza nywele. Aliishi na mama yake. Hakuwa mlevi wala mgomvi, na ukimsalimu anakujibu, ila hakuongezei neno la pili. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, kwa hiyo studio ilikuwa imepooza, mwenyewe anashinda humo ameshika tama.

Asubuhi ile hakurudi nyumbani kunywa chai kama kawaida yake. Kaka yake, dereva wa lori, akaenda studio, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga. Akasikia sauti ya mwanamke ndani inasema taratibu, "Bado upo? Niko hapa. Bado upo?" Dereva akaitambua mara moja. Mtaa mzima unaitambua. Akageuka na kupaza sauti: "Redio yumo humu na mdogo wangu!" Watu wakajaa. Wengine wakaanza kutabasamu pembeni, maana binadamu hatuna dogo. Ndipo Redio mwenyewe akatokea upande wa pili wa barabara, kavaa sare ya kazi, mkoba begani, anaelekea hospitali.

Jamani! Kuna mama aliyedondosha ndoo ya maji. Watu walimtazama Redio anavuka barabara, na huku sauti yake iko ndani inauliza, "Bado upo?" Mlango ulipovunjwa na ikajulikana kilichotokea, hakuna aliyelia mwanzoni. Walimtazama Redio, yeye kasimama katikati yao, kinywa wazi, anajisikiliza. Alivyokufa yule bwana hakuna haja ya kusimulia. Simu ilikuwa sakafuni kando yake, na iliendelea kuongea mpaka chaji ikaisha.

Basi ikawa ni kutafuta maana, na kila mtu akaipata anayoitaka. Mwenye duka akasema ni jini, limekosa mwili likaazima sauti. Vijana wa karakana wakasema ni mionzi ya mnara wa simu, inakausha ubongo. Wengine wakashikilia kwamba kulikuwa na mapenzi ya siri, na programu ni kisingizio tu. Mwalimu mstaafu wa mtaani, anayependa kuonekana ametulia, akasema mashine haina akili, inajibu tu. Lakini mke wake alieleza pembeni kwamba tangu siku ile mzee anaizima simu na kuifungia kabatini. Walikubaliana jambo moja tu, nalo walilisema Redio akishapita: lile dude lilimwambia yule mtu ajiue, na lilimwambia kwa sauti ya Redio.

Yeye hakuwabishia. Angebisha nini? Hilohilo ndilo lililokuwa linamla. Alipiga hesabu kichwani ya sentensi zote alizosoma kwenye kile chumba cha magodoro, akatafuta iliyo mbaya, asiipate, halafu akakumbuka kwamba mashine haihitaji sentensi zake tena. Akiwa peke yake jikoni, friji ikinguruma, alijikuta anaweka kiganja mdomoni.

"Hukumwambia kitu wewe," mumewe alimwambia.

"Unajuaje?" alinong'ona. "Mimi mwenyewe sijui nilichosema."

Jumamosi mchana dereva wa lori akabisha hodi. Hakuingia. Alisimama mlangoni, macho mekundu, akizungusha funguo za lori kidoleni.

"Dada, mama anakuita. Simu imefunguka. Mazungumzo yote yamo. Mama amesema hayasikilizwi mpaka uwepo."

Redio alimgeukia mumewe. Mumewe akavaa shati juu ya fulana ya kazi, akasema, "Twende wote." Njiani watu waliacha shughuli zao kuwatazama. Redio alitembea akijua kwamba ikisikika sauti yake inamwambia mtoto wa watu afe, basi hana tena mtaa, hana dirisha, na hata kwake mwenyewe hatakuwa na pa kuishi.

Sebule ya mama mpiga picha ilikuwa ndogo, makochi mawili na meza. Ukutani zilibandikwa picha ambazo wateja hawakurudi kuzichukua, nyuso za watu wanaojaribu kutotabasamu. Mama mwenyewe alikaa wima, kanga mabegani, simu mezani mbele yake ikiwa kwenye chaji. Majirani walikuwa wamejibana mlangoni. Aliwatazama mara moja tu.

"Nyie hamna kazi? Tokeni, na mlango mfunge."

Wakatoka. Mwenye duka alitaka kubaki, akafungiwa nje.

"Mama, mimi ningeliponda hili na nyundo," dereva alisema.

"Utaponda la kwako. Hili ni la mwanangu. Washa."

Ikaanza. Sauti ya marehemu ilikuwa chini, ya mtu anayeongea amejifunika shuka. Na sauti ya Redio ikamjibu. Redio alishika mkono wa mumewe akaubana mpaka fundi akakunja uso. Hajawahi kuongea na yule mtu zaidi ya namba na jina, na hapo anajisikia anamuuliza amekula nini, anacheka utani wake, kicheko kilekile walichomchekesha kwenye kile chumba. Marehemu alisema halali. Akasema anaamka akiwa amechoka kuliko alipolala. Sauti ikasema, "Pole sana. Jaribu kumwambia mtu wa karibu yako." Akajibu, "Si ndiyo nakwambia wewe."

Mama alifumba macho. Dereva akageukia ukuta.

Wakasikiliza kwa muda mrefu. Neno baya halikuja. Redio alikuwa ameanza kupumua, hata akaachia mkono wa mumewe, pale marehemu aliposema, "Kesho nakwenda hospitali kumchukulia mama dawa za presha. Nitakukuta dirishani?"

"Ndiyo," ilisema sauti ya Redio. "Nitakuwepo."

"Utanijua?"

"Bila shaka nitakujua."

"Utaongea na mimi kama hivi? Nina jambo nataka kukwambia uso kwa uso."

"Ndiyo. Njoo. Nitakusubiri."

Redio alisimama. Hakujua kwamba amesimama. "Sio mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sauti yake ilitoka nzima, ikajaa sebule, ileile ya kwenye simu, na wote wanne wakashtuka, yeye mwenyewe wa kwanza. "Wallahi sio mimi, mama. Mimi sikumwahidi."

"Kaa, mwanangu. Haijaisha."

Kilichobaki kilikuwa kifupi. Marehemu alisema, "Leo nimekuja. Nimekusalimu. Umenikana." Na sauti ikajibu kwa upole uleule, "Samahani kwa usumbufu. Niko hapa. Ungependa tuzungumze kuhusu nini?" Hakujibu. Baadaye ikauliza kama bado yupo, na dereva akaizima.

Nje mtu alikohoa, bila shaka mwenye duka.

"Siku ile alikuja kwako," mama alisema. "Dawa aliniletea. Nikamuuliza mbona umechelewa, akasema watu ni wengi leo. Ulimwambia nini?"

Redio alifunga macho akaitafuta siku ile. Aliona foleni, watoto wanaolia, vyeti, mikono inayoingia dirishani. Alitafuta uso wake kati ya nyuso zote hizo, akatafuta salamu, hata kivuli tu. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema nilimwitikia vizuri, nikamuuliza hali, na mama huyu angelala na hilo usiku.

"Sikumbuki, mama," alisema. "Nisamehe. Sikumbuki kabisa kama nilimwona."

Machozi yakamtoka kwa kwikwi, mumewe akamshika bega. Mama alimwacha alie. Kisha akaongea polepole, akiitazama simu.

"Mwanangu aliumwa siku nyingi. Asikwambie mtu kwamba ugonjwa ulianza dirishani kwako. Mimi nilikuwa chumba cha pili, namsikia usiku anazungumza na mtu, nikasema afadhali, kijana kapata mwenzake. Nikafurahi! Sikubisha hodi nisije nikamwaibisha." Akajifuta uso na ncha ya kanga. "Aliyemwahidi si wewe. Lakini yeye alikuja kukuona wewe. Hayo mawili yote ni kweli, na mimi sijui niyaweke wapi. Nenda nyumbani, mwanangu. Nenda ukapumzike."

Walirudi nyumbani. Mwenye duka aliwafuata hatua kadhaa, akiuliza, "Vipi, lilimwambia ajiue?" Fundi, mtu asiyegombana na mtu, akamgeukia akamwambia aende zake kabla hajapata la kupata.

Lakini Redio hakupona woga, na ukitaka kujua, ulizidi. Kabla ya Jumamosi alikuwa anaogopa kilichokwisha kusemwa. Sasa alikuwa anaogopa kinachosemwa saa hiyohiyo yeye akiwa anaosha vyombo, kwa watu asiowajua, nyumba asizozijua, kwa koo lake. Aliwapigia wale wa kampuni. Mlio ukaita, halafu akapokelewa na sauti yake mwenyewe: "Karibu. Naweza kukusaidia nini?" Akaitupa simu kitandani.

Jumatatu akajikaza akarudi dirishani. Foleni ilikuwa imefika getini. Aliandikisha jina la kwanza, akainua macho, akamtazama mtu usoni. Akamtazama wa pili. Kila aliyesema habari, Redio alijiuliza. Wewe je? Na wewe? Foleni ikawa haiendi, watu wakaanza kuguna, mzee mmoja akauliza kwa sauti kama leo hospitali inapiga picha za pasipoti. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Akaja dada mmoja, kijana, kavaa vizuri, mwavuli mkononi. Akataja jina, akapewa namba. Akaipokea. Hakuondoka. Alibaki anamtazama Redio kupitia kioo, na tabasamu dogo la aibu, mtu anayengoja aanze mwenzake.

"Mwingine!" walipiga kelele nyuma. "Sogea, bwana!"

Redio alisogea karibu na kioo. "Dada," alisema, "tunafahamiana?"

Tabasamu likayumba. "Si tuliongea jana usiku," yule dada alisema kwa sauti ndogo. "Ukaniambia nije."

Redio aliinuka. Watu walilalamika, mwenzake wa ndani akamwita, hakugeuka. Akafungua mlango wa pembeni, akatoka nje kwenye foleni, akamshika yule dada mkono.

"Njoo tukae pale," alisema. "Nieleze tangu mwanzo. Mimi sijui lolote."