Injini Niliyompimia Mhandisi

Siku ya kwanza kazini nilivaa ovaroli ya mtu mwingine, nikakunja mikono mara nne ndipo vidole vyangu vikaonekana. Karakana ya magari ya serikali mjini Kisumu ilikuwa na mafundi kumi na mmoja, wote wanaume, na mimi Adhiambo nikawa wa kumi na mbili, nimetoka tu chuo cha ufundi. Mkubwa wetu tulimwita Mhandisi. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake.

Aliniambia nikague breki za lori moja niandike ripoti. Nilikanyaga pedali, nikaona inashika, nikaandika: breki nzuri. Mhandisi alisoma, akachukua spana, akafungua gurudumu la nyuma yeye mwenyewe. Breki zile zilikuwa zimelika hadi chuma.

"Uliona hii?" akauliza.

"Hapana, Mhandisi."

"Basi andika ulichoona. Kama hujafungua, andika hujafungua. Kuna mtu atapanda hili lori akiamini karatasi yako."

Hakupaza sauti. Nilifanya kazi chini yake miaka tisa na sikumbuki akipaza sauti hata mara moja.

Baadaye nilihamishiwa Asembo Bay kutunza malori ya samaki, ambako kazi kubwa ilikuwa mashine za kugandisha, maana lori likiharibika njiani samaki hawangoji. Meneja wa huko alikuwa mtu wa haraka, kila kitu kwake kilikuwa "leo hii". Kisha nikaenda Kombewa kuangalia ambulansi za hospitali. Msimamizi wa usafiri pale, mama mmoja mpole, alinifundisha kuwasha kila gari kabla ya chai ya asubuhi, likiwa bado baridi, kwa sababu injini baridi haifichi ugonjwa. Miaka ya mwisho nilifungua gereji yangu Kisian, kando ya barabara, na kazi iliyonipa jina ni kuwapimia watu magari ya mitumba kabla hawajanunua.

Hapo ndipo Beatrice alinikuta. Ni binti mkubwa wa Mhandisi, mwalimu. Alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi, akanieleza kwamba baba yake, mzee wa miaka sabini na nne anayemeza dawa za moyo, ameona gari la spoti mjini na amesema atalinunua.

"Na amesema atakuletea wewe ulipime," akasema. "Mama Adhiambo, tumekaa kama watoto wake tukaongea. Tunakuomba umwambie injini imekufa. Wewe ndiye pekee atakayemwamini."

Nililijua gari lenyewe. Ni la milango miwili, viti viwili, limekaa chini kama linanusa lami. Injini yake ilikuwa na sifa mbaya kwa mafundi wote. Ukiikimbiza kwenye kona, oili inahamia upande mmoja, beringi zinakosa kulainishwa, na injini inanoki, yaani vyuma vya ndani vinaanza kugongana. Ikifika hapo huna injini tena.

Kwa hiyo uongo wenyewe ulikuwa rahisi. Kila fundi Kisumu angeniunga mkono. Nilimjibu Beatrice kwamba nitaona, na jibu lile lilininyima raha wiki nzima.

Siku ya kupima, muuzaji alilileta mwenyewe. Alikuwa Bwana Swaleh, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Mhandisi alifika na Beatrice. Alikuwa amekonda tangu nimwone kwenye mazishi ya mkewe, miaka miwili nyuma. Alisimama mbali na gari, mikono nyuma.

"Leo mimi ni mteja," akaniambia. "Sitagusa kitu."

"Mzee, kwa nini hili?" nikamuuliza. "Unajua linavyosemwa."

"Najua. Nimetengeneza malori maisha yangu yote, nyathina, mwanangu. Magari ya kubeba mahindi, ya kubeba wagonjwa. Nataka kusikia injini moja iliyotengenezwa kwa raha tu. Kama ni mbovu, niambie nirudi nyumbani."

Niliwasha gari likiwa baridi. Sekunde chache liliunguruma vizuri, halafu mlio ukaanza: tk, tk, tk, kutoka chini, ukifuata mwendo wa injini.

Uso wa Mhandisi ulisawijika. Aligeuka akatazama barabarani. Beatrice alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akanitazama. Ningezima injini pale pale nikasema inagonga, na hata nisingekuwa nimedanganya, kwa sababu ilikuwa inagonga.

Lakini nilikuwa sijafungua kitu.

Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, hivyo ndivyo tulivyosikiliza kabla ya kompyuta. Mlio haukutoka ndani. Nikachomoa waya za plagi moja baada ya nyingine. Beringi ya pistoni ikiwa imekufa, ukinyima silinda yake moto mlio hupungua au hubadilika. Huu haukubadilika hata kidogo. Nikalala chini ya gari na kipande cha mti, nikabonyeza bati linalokinga joto la ekzosi. Kimya. Nikaachilia: tk, tk, tk. Nati moja ilikuwa imelegea.

"Bwana Swaleh," nikasema nikiwa bado chini, "nataka kufungua sampu."

Sampu ni bakuli la oili chini ya injini. Alifikiri. "Fungua, mama. Lakini ukiifungua utaifunga mwenyewe."

Ilinichukua hadi mchana. Nilimwaga oili kwenye beseni, nikakata filta kwa msumeno na kutandaza karatasi yake juani nikitafuta vumbi la chuma. Hakuna. Nikafungua beringi nne, moja moja. Iliyolika huonyesha rangi ya shaba. Hizi zilikuwa za kijivu, laini kama ndani ya gamba la konokono. Kuna mtu aliyezibadilisha, na akalitunza gari lile kama mtoto.

Nilifunga, nikaandika ukurasa mmoja, nikampa Mhandisi. Alisoma polepole, akafika mwisho.

"Umeandika giaboksi hujafungua."

"Sijafungua, Mzee."

Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Macho yake yalikuwa na maji, nami nikajifanya natafuta kitambaa cha kupangusia mikono.

Beatrice hakunisemesha. Lakini gari lina viti viwili, na hakukubali baba yake aliendeshe peke yake. Walipanda mlima kuelekea Maseno, na mimi nikabaki na Bwana Swaleh, tukisikiliza kila gari linalorudi. Waliporudi, Beatrice alishuka na kunivuta pembeni.

"Anaendesha polepole kuliko mimi," akasema. "Malori yametupita. Na ameongea njia nzima, Mama Adhiambo. Baba hajaongea hivyo tangu tumzike Mama." Kisha akanishika mkono ule ule wenye oili. "Ero kamano." Alishukuru kwa Kijaluo, na mimi nikahisi mabega yangu yanashuka mahali pake.

Nimestaafu sasa. Magoti hayanikubalii kulala chini ya gari. Vijana wa siku hizi wanachomeka kompyuta na gari linajieleza lenyewe, na sioni ubaya, mradi bado kuna mtu anayefungua anapotilia shaka. Ninachoshukuru ni kwamba nikitembea mjini hakuna ninayevuka barabara kumkwepa.

Sitaficha kwamba Mhandisi alipolinunua gari lile, niliogopa ajali na moyo wake. Miezi kadhaa, kila simu ya Beatrice ilipoingia, nilikaa chini kwanza ndipo nikapokea. Ya wiki iliyopita pia niliipokea nimekaa.

"Mama Adhiambo," akasema, "Baba alienda Asembo akanunua samaki, mbuta mkubwa. Hakuingia kwenye buti. Amekuja naye kwenye kiti cha mbele, amemfunga mkanda. Sasa anauliza harufu inaondolewaje kwenye kiti."

Nilimwambia ajaribu siki na jua, na milango yote miwili wazi.