Jino Lililosubiri Nipige Yowe

Kabla ya jino hili kuniuma, nilijulikana kwa mambo mawili: makala ndefu kuliko subira ya wasomaji wangu, na mdomo usiochagua chakula. Magego ya kulia yalishang'olewa zamani. Kushoto lilibaki moja la maana, nalo ndilo lililotafuna muwa, ndizi za gonja na nyama ya kuchoma kwa niaba ya mwili mzima.

Shimo lilianza dogo. Nilitia karafuu, nikajitahidi kutolifikiria. Kisha soda baridi ikaanza kunitoa machozi. Nikawa natafuna kwa meno ya mbele, kama sungura mwenye shahada. Mke wangu, Akello, alichoka kunitazama, akanipeleka kliniki mtaani Nakawa.

Daktari wa meno, Mama Furaha, ni Mkongo asiye na haraka. Alipiga picha, akasema uozo umefika karibu na kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino yenye mishipa. "Papa, kiini kikiwa hai, naweza kujaribu kukiokoa. Kikiwa kimekufa, tunang'oa." Akagusisha jino pamba ya baridi kali. "Unasikia kitu?"

Mimi nimekulia katika kambi ya polisi. Kwetu mtoto aliyelia kwa sindano, kambi nzima ilimwigiza kilio mpaka Krismasi. Maumivu yalinipita kutoka jinoni hadi kisiginoni. Nikajibu, "Hakuna kitu, daktari."

"Hakuna?" Akahuzunika. "Basi limekufa." Akageuka kuchukua koleo.

"Daktari, ngoja kwanza!" Akello alisema. "Huyu mzee ni mtoto wa kambi. Tazama vidole vyake!"

Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania kiti mpaka vimepauka.

"Papa," Mama Furaha akasema, "hapa hatutoi vyeo. Unasikia, ao husikii?"

Pamba ikarudi. Nilipiga yowe, mgonjwa mmoja mapokezini akaahirisha matibabu yake. Mama Furaha akapiga makofi. "Aksanti, Papa! Linaishi!"

Alinichoma ganzi, akachimba uozo, akakata sehemu ya juu ya kiini. Damu ikatoka. Akakandamiza pamba yenye dawa. "Damu ikikoma upesi, kiini cha huku chini ni kizima. Ikikataa, jino hatuna. Siwezi kuahidi."

Nilitazama taa. Akello aliitazama pamba. Ikainuliwa.

"Imekauka!"

Akello akapiga vigelegele kama yuko harusini. Kiini kikafunikwa kwa dawa inayoganda kama saruji, jino likazibwa.

Miezi imepita. Picha ya juzi inaonyesha mzizi mzima, na muwa nautafuna kwa kelele. Namshukuru Mungu, Mama Furaha, na mke aliyenisaliti kwa wakati unaofaa. Nawe mwenye jino bovu, nenda mapema, lingali linauma. Ukiulizwa, sema kweli. Ushujaa wako unampotosha daktari.

Mimi siku hizi nikiulizwa hali, nalalamika kikamilifu. Akello anasema alimpenda zaidi yule shujaa. Amechelewa.