Mama Magugu na Ua la Nyuma ya Wodi

Mtaani kwetu mke wangu anaitwa Mama Magugu, na asiyemjua hudhani ni tusi. Ni fundi cherehani anayeheshimika, lakini akishaifunika mashine yake huchukua kamera na kwenda kupiga picha vimaua vya kando ya mitaro, vile ambavyo mimi na wewe tunavikanyaga. Hulala kifudifudi, mama mtu mzima mwenye wajukuu, hadi wapita njia huniuliza kama ameanguka. Nami huwajibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, kisha naendelea kushika kitambaa.

Ndiyo kazi yangu siku hizi. Nilistaafu kuchomea vyuma, nikaajiriwa na mke bila mshahara. Jua kali huharibu picha ya ua, ananifundisha: upande mmoja unaungua kwa weupe, wa pili unazama gizani. Basi ameshonea bitana nyeupe kwenye fremu ya waya niliyomkunjia, nami naiweka kati ya jua na ua ili mwanga ushuke umelainika. Mkono wa pili nashika kadibodi nyeupe upande wa kivuli, irudishe mwanga kidogo. Mwanzoni alitumia mwavuli wa kijani, maua yote yakatoka na sura za wagonjwa.

Kuna ua alilolitaka kuliko yote. Liliota kwenye tuta nyuma ya wodi ya wazazi ya kituo chetu cha afya, dogo kama kifungo cha shati, rangi ya waridi iliyokolea. Alipokuwa na mimba ya kifungua mimba wetu alilazwa muda mrefu, haruhusiwi kunyanyuka, na dirishani hakuona kingine ila maua hayo. Anasema yalimtunza kuliko mimi, na sibishi. Sasa wodi ilikuwa inapanuliwa. Siku tuliyokwenda kulipiga ndiyo ilikuwa ya mwisho: kesho yake tuta lingefukuliwa ili wajenge msingi, na muuguzi mkuu alikuwa amemwahidi ukuta wa chumba kipya wa kutundika picha hiyo.

"Lakini iwe picha nzuri, mama," alimwambia. "Mbaya siiweki. Wanaolala humu wana mabaya yao tayari."

Maua yale hufunguka jua likipanda, na mchana ukishageuka hujifunga hadi kesho. Na yeye kesho hakuwa nayo.

Tulifika asubuhi. Akalala chini, nikatandaza bitana. Hapo hapo upepo ukaanza. Ukilikaribia ua kiasi kile, likiyumba kidogo tu, picha inakuwa doa.

"Shikilia hivyo hivyo, baba watoto. Usitikisike."

Mimi nitikisike? Mikono hii imeunga mageti ya nusu ya mji! Nilisimama kama nguzo ya umeme, najisifu kimoyomoyo. Upepo ukaja, ukaondoka, ukarudi. Yeye anarekebisha, anasubiri, anarekebisha tena. Mara nikamsikia:

"Mbona linafumba?"

Nikachungulia. Kweli, petali zilikuwa zinakunjana.

"Umelifunika mno! Linadhani jioni imefika!"

"Si umeniambia nisitikisike?"

"Akili za kuambiwa changanya na zako, mzee!"

Nikaangua kicheko, kumbe nacheka peke yangu. Alikuwa ameketi kwenye udongo, machozi yanamlenga. Roho iliniuma. Nikaitupa bitana kando.

"Tulirudishie jua lake," nikasema. "Inuka, tusilikinge na vivuli vyetu."

Tukakaa mbali kidogo, tunalitazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mchana ulikuwa unakaribia kugeuka. Hatimaye petali moja ikalegea, ikafuata nyingine, mpaka likawa wazi kabisa.

"Sasa nisikilize mimi," nikamwambia. "Kwenye kuchomea, kioo cheusi cha kukinga macho hushushi mpaka uwe tayari kuwasha cheche. Wewe jipange kila kitu juani. Upepo ukitulia, niite."

Akalala tena. Nikasimama pembeni, bitana mkononi. Upepo ukatulia.

"Shusha!"

Nikashusha. Kamera ikalia.

"Ondoa!"

Nikaondoa. Tukaendelea hivyo, shusha, ondoa, shusha, ondoa, kelele zetu zikamtoa muuguzi mkuu ofisini. Alikuja kutufukuza. Mke wangu akamwonyesha kamera: ua limejaa kioo chote, mwanga umelizunguka pande zote, hata unga wa katikati unahesabika. Yule mama aliinamia kamera. Akageuka, akawaita wenzake kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Chumba kipya kilipokwisha, tuliitwa siku ya kutundika picha. Fundi seremala alikuwa ameshapiga msumari juu, usawa wa macho yake. Mke wangu akatikisa kichwa.

"Humu nani anasimama?"

Akavua viatu, akapanda kitanda kitupu, akajilaza. "Shusha. Shusha tena. Hapo!"

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo binti mwenye mimba kubwa, aliyeambiwa asiinuke mpaka ajifungue. Akaitazama picha muda mrefu.

"Zuri jamani! Mama, hili linaota wapi?"

"Hapo hapo ulipolala, mwanangu," mke wangu akamjibu.

Binti akachungulia chini ya kitanda, akacheka mpaka akashika tumbo.