Nilifuta Sauti za Marehemu

Jamani, mimi ndiye mwenye kosa. Nimelibeba hadi limenichosha, wacha niliseme hapa ambapo hamnijui.

Mimi ni fundi wa redio na spika, Kasese, Uganda. Mama mmoja wa Bwera, nitamwita Masika, aliniletea amplifaya ya gita, zile za kidijitali zenye kioo kidogo. Ilikuwa ya marehemu mume wake, mpiga gita wa kanisani. Sauti alizozipenda alizitengeneza mwenyewe akazihifadhi humo ndani. Baada ya mazishi, Masika akajifunza gita ili apige kanisani kwa sauti zile zile.

Shida yake: inawaka, inajizima, inawaka tena.

Fundi mwenye akili angepima umeme kwanza. Mimi nilikuwa na haraka na kiburi! Nikasema chipu ya kumbukumbu, ile inayotunza sauti, imekufa. Nilikuwa na amplifaya mbovu ya aina ile ile, niliyoinunua mpakani Mpondwe, nikatoa chipu yake niiweke kwa Masika. Ile ya Masika niling'oa kwa nguvu, ikavunjika miguu. Nikaifagia na takataka.

Nikawasha. Ikajizima vile vile!

Ndipo nikashika mita ya kupimia umeme. Kumbe ni kapasita ya upande wa umeme, kile kikopo kidogo cha kutuliza umeme, imevimba kichwa, hata kipofu angeiona! Nikabadilisha, ikapona. Chipu ya marehemu haikuwa na ugonjwa wowote.

Masika akaja, akachomeka gita, akapiga. Akasimama. Akabonyeza huku na huku, akapiga tena.

"Fundi, sauti ya marehemu baba Biira iko wapi?"

Nikainama, nikajifanya nakaza skrubu.

"Ao ni mimi nilibonyeza mubaya mbele ya kuileta?"

"Inawezekana, mama," nikasema.

Mungu wangu! Akalia pale pale dukani, akijilaumu, na mimi nikampa kiti. Kiti!

Akaondoka na amplifaya yake, siku zikapita. Mwishowe nikaenda Bwera, nikamwambia ukweli wote. Nilingoja matusi. Hayakuja.

"Kumbe haikuwa mimi," akasema. Kisha, polepole: "Basi uirudishe hiyo chipu yake."

"Nilishaitupa, mama. Takataka zilichomwa."

Nikaomba angalau nimtengenezee sauti nyingine inayofanana. Nikazungusha vifungo, akapiga. "Bado." Nikazungusha tena. "Bado, fundi. Si hiyo." Ningejuaje? Mume wake sikuwahi kumsikia akipiga hata siku moja!

Mwisho akaizima mwenyewe, akaifunika kitenge, akanisindikiza mpaka barabarani.

Fundi mwenzangu, pima kabla ya kung'oa. Cha mtu usikitupe, hata kama kimevunjika. Na ukiharibu, sema papo hapo, kabla mwenyewe hajajibebesha kosa lako. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa. Nasikia Masika sasa anakaa nyuma kabisa kanisani, na gita hagusi.